Darasa limepiga kura na wasichana wameonewa: nitengue uamuzi wao au niuache?

Mwalimu wa Darasa la Tano, Tanga mjini

Habari za kazi, walimu wenzangu, na shikamooni wakubwa wote mnaosoma hapa.

Ninafundisha katika shule ya msingi ya serikali, upande wa Ngamiani, na mwaka huu nimekabidhiwa darasa la tano lenye wanafunzi 75, wavulana 41 na wasichana 34. Tangu Januari nilijiwekea nia kwamba somo la demokrasia nisilimalize kwa kuandika maana yake ubaoni na kuwaachia watoto wainakili, kwa sababu nimesahihisha majibu ya namna hiyo kwa miaka tisa na ninafahamu fika kwamba mtoto anaweza kuandika bila kosa hata moja kuwa demokrasia ni utawala wa watu, kisha kengele ya mapumziko ikilia akatoka mbio kumsukuma mwenzake pembeni ya bomba la maji. Nikatenga kipindi kimoja cha dakika 40 kila Ijumaa. Madawati husogezwa ukutani kadiri nafasi inavyoruhusu, watoto hukaa chini, nasi huzungumza jambo linalowagusa wao wenyewe. Niliweka masharti matatu: anayezungumza asikatizwe, anayepinga aseme kwanza, kwa maneno yake, kile alichokisema mwenzake, na jambo likishaamuliwa nitalitekeleza hata kama mimi nisingelichagua.

Wiki nne za mwanzo zilinipa moyo. Msichana mmoja anayekaa dawati la nyuma kabisa, ambaye walimu wa darasa la tatu na la nne walinieleza kwamba hajawahi kunyoosha mkono, alisimama siku tulipozungumzia foleni ya maji akasema, "Yeye amesema wakubwa watangulie kwa sababu wana vipindi vingi. Mimi nasema wadogo watangulie kwa sababu hawawezi kusukumana." Alikaa chini akitetemeka, na Jumatatu foleni ilibadilishwa kama alivyosema.

Wiki ya tano tukafikia usafi. Kwa desturi ya shule yetu, watoto wa zamu hufagia darasa na ofisi ya walimu kabla ya kengele ya mstarini, na orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani ilikuwa imechanganya wavulana na wasichana. Mvulana mmoja akatoa hoja kwamba kufagia kuwe kazi ya wasichana peke yao, na wavulana wabaki na kufyeka majani, kazi ambayo kwetu hufanyika mara moja kwa wiki mbili, tena wakati wa mvua tu. Wasichana walipinga vizuri, kwa kufuata masharti yote. Baada ya hapo tukapiga kura kwa kunyoosha mikono: 40 wakaunga mkono, 31 wakapinga, wanne hawakunyoosha upande wowote. Niliwaona kwa macho yangu wasichana watatu wakinyoosha mikono pamoja na wavulana huku wakimtazama kiranja wa darasa.

Jumatatu asubuhi nilipofika, wasichana walikuwa wameinama na fagio zao za chelewa, kimya. Mimi nimezoea kusikia watoto wakiimba au wakitaniana wanapofagia, na ukimya ule umekaa nami wiki nzima.

Ofisini mwenzangu mmoja ameniambia niwaache, kwa kuwa wengi wameshinda na hiyo ndiyo demokrasia niliyoitaka. Mwingine ameniambia niifute kura hiyo asubuhi mstarini, kwa kuwa mwalimu ni mimi. Nikiifuta, nitakuwa nimevunja sharti langu la tatu, na watoto watajifunza kwamba kura huheshimiwa pale tu inapompendeza mkubwa. Nikiiacha, nitakuwa nimewafundisha kwamba watu 40 wanaweza kuwatwika wenzao mzigo na kuondoka mikono mitupu. Aliyewahi kukutwa na jambo kama hili anieleze alifanyaje.

Mwalimu mstaafu, Pangani

Marahaba, mwanangu. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na mara ya pili nilivua miwani.

Mimi nilianza kazi kama mwalimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote, wale vijana tuliochukuliwa baada ya darasa la saba na kufundishwa ualimu vijijini, ili Azimio la Musoma la mwaka 1974 litimie na watoto wote wawe wameandikishwa shule ifikapo 1977. Katika mafunzo yetu tulisomeshwa Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la Machi 1967, na wengi wenu mnalijua kwa habari ya majembe. Mnasahau, au hamkuelezwa, kwamba alitaka shule imjengee mtoto mambo matatu: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kutokana na yanayofanywa na wengine, na kujiamini kwamba yeye ni mtu huru aliye sawa na wenzake. Hata shamba la shule alitaka liwe mahali ambapo wanafunzi wanashiriki kupanga nini kilimwe na mapato yatumikeje, ili waone faida na hasara ya uamuzi wao wenyewe.

Sasa nikueleze nilivyolitekeleza andiko hilo. Tulikuwa na shamba la mihogo la ekari tatu. Watoto walilima, wakapalilia, wakavuna, na sisi walimu tukauza. Asubuhi moja mstarini, mvulana wa darasa la sita alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, pesa ya mihogo imenunua nini?" Lilikuwa swali la adabu, lenye sauti ya chini. Nilimwita mbele nikamchapa viboko mbele ya shule nzima kwa kosa la utovu wa nidhamu. Siku hizi kanuni za mwaka 2002 zinasema kiboko hutolewa na mwalimu mkuu au yule aliyemwidhinisha kwa maandishi, na visizidi vinne, lakini zama zetu kila mwalimu alitembea na fimbo yake. Pesa ile ilikuwa imenunua chaki na mafuta ya taa. Hapakuwa na wizi wowote, na jibu lingechukua nusu dakika. Katika miaka yote niliyobaki pale, hakuna mtoto mwingine aliyeuliza jambo mstarini, na mimi niliuita ukimya huo nidhamu nzuri.

Kwa hiyo, mwanangu, unaposema ukimya wa wale wasichana umekuumiza, ninakuelewa kuliko unavyodhani. Usiifute kura yao mstarini. Ukiifuta kwa amri, utawarudisha wote, wavulana kwa wasichana, kwenye ukimya wa mihogo yangu. Rudi mbele yao Ijumaa uwaambie kwamba wewe mwenyewe umekosea mahali fulani katika kuliendesha jambo hili. Mwalimu anayekiri kosa mbele ya darasa huwa amewapa watoto ruhusa ya kubadili mawazo bila aibu, na mvulana wa miaka kumi na moja, nakuhakikishia, hawezi kuacha msimamo wake hadharani kama hajapewa mlango wa kutokea.

Ni lipi ulilokosea? Hilo nawaachia waliosoma zaidi yangu.

Mama wa watoto watatu, Makorora

Mwalimu, nakusalimu kwa heshima. Mimi si mwalimu, ni mzazi, na nitasema lililo moyoni hata kama halitapendeza.

Kijana wangu yuko darasa la sita katika shule ambayo nayo imeanza mazungumzo ya namna hii. Mwezi uliopita baba mkwe alikuja kutoka Muheza, akakaa barazani na wazee wenzake wawili wakizungumzia mambo ya mirathi, na mtoto aliyekuwa amepeleka kahawa akasimama pale akasema, "Babu, mimi sikubaliani na wewe." Wageni walitazamana. Mume wangu aliinuka, na kama nisingemwahi mtoto ningekuwa naandika habari nyingine. Nilipomuuliza usiku, aliniambia kwa machozi kwamba shuleni akisema hivyo hupigiwa makofi.

Sipingi mtoto kuwa na sauti. Ila shule ikimfundisha kusema bila kumfundisha mahali, wakati na namna ya kumwambia mkubwa wake jambo, mnamtuma nyumbani akapigwe. Sisi tuna namna yetu ya kumpinga mzee: unaanza kwa kumwomba ruhusa, unamsifu kwa alilolisema, kisha unaleta lako kama swali. Hiyo nayo ni elimu, na sijaona mkiifundisha.

Na juu ya fagio, niseme ukweli wote. Nyumbani kwangu binti ndiye anayefagia na kaka yake huenda mpirani. Mkiamua shuleni kwamba wavulana wafagie, sisi wazazi mtakuwa mmetuita lini tukazungumza?

Mwalimu wa Darasa la Tano, Tanga mjini

Dada yangu wa Makorora, ahsante, na limenigusa. Kuomba ruhusa kabla ya kupinga ni jambo ambalo sikuliwaza kabisa, nami nitaliingiza katika masharti yetu Ijumaa hii. Kuhusu wazazi, kikao chao ni mwisho wa mwezi. Nimeomba kwa mwalimu mkuu nipewe robo saa.

Mkufunzi wa chuo cha ualimu, Korogwe

Mwalimu mwenzangu, naomba nianzie pale mzee wetu wa Pangani alipoachia, yaani ni lipi lililokosewa. Kwa maoni yangu ulikwenda haraka kwenye kura, na hukuwauliza watoto swali linaloitangulia kura yoyote: je, jambo hili ni letu kuliamua kwa wingi wa mikono?

Vitabu vyetu vya darasani vimeifanya demokrasia na uchaguzi kuwa kitu kimoja, kiasi kwamba mwalimu akitaka kuwaonyesha watoto demokrasia huwaambia wachague kaka mkuu na dada mkuu, sanduku la kura likapigwa picha, na habari ikaishia hapo. Lakini tazama Katiba yetu ya mwaka 1977. Ibara ya 12 inasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, na ya 13 inakataza ubaguzi, na wala hazikuongeza maneno "isipokuwa wengi wakitaka vingine". Ibara ya 64 inasema sheria yoyote inayokiuka Katiba ni batili, hata kama imepitishwa na Bunge zima. Na ibara ya 98 inataka mambo fulani makubwa ya Muungano yabadilishwe kwa theluthi mbili ya wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Waliotunga waliona kabisa kwamba Zanzibar ni ndogo, na kwamba kura zikichanganywa kapu moja haitashinda hata siku moja. Wasichana wako 34 mbele ya wavulana 41 ndiyo Zanzibar ya darasa hilo.

Kuna mfano mwingine wa kwetu ninaoutumia kila mwaka na wanachuo wangu, na hunichukua kipindi kizima. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikazunguka nchi nzima kuuliza wananchi kama wanataka kuendelea na chama kimoja au kuruhusu vyama vingi. Takriban asilimia 77 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Waliotaka vyama vingi walikuwa takriban asilimia 21. Kwa hesabu ya kunyoosha mikono, jambo lilikuwa limekwisha. Tume, hata hivyo, ilipendekeza vyama vingi, kwa kuwa iliona kwamba wachache wa kiasi hicho hawawezi kuachwa bila mahali pa kusemea, na kwamba wengi waliotaka chama kimoja wenyewe walikuwa wakidai mabadiliko mengi ndani yake. Katiba ikarekebishwa, mfumo ukaanza Julai 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi ukafanyika 1995. Wanachuo wangu hugawanyika kila mara: wengine husema tume iliwapuuza wananchi, wengine husema iliwasikiliza kwa undani kuliko hesabu. Mimi nasimama na hao wa pili. Darasa la tano wanaweza kabisa kulizungumza jambo hili ukiwageuzia takwimu hizo kuwa watu: wakisimama watoto 100 uwanjani, 77 huku na 21 kule, wale 21 tuwafanyeje?

Mzee wetu amekiri hadharani habari ya yule mvulana wa mihogo, na nimeikumbuka mara moja habari ya Janusz Korczak, daktari na mwandishi wa Poland aliyeongoza nyumba ya yatima jijini Warsaw kuanzia mwaka 1912. Aliwaanzishia watoto mahakama yao. Waamuzi walikuwa watoto, wakipatikana kwa bahati nasibu miongoni mwa wale wasiokuwa na shauri wiki hiyo, nao walihukumu kwa kufuata orodha ya vifungu ambayo vile 99 vya kwanza vyote vilikuwa vya kusamehe au kuliacha shauri. Mtu mzima naye aliweza kushtakiwa. Korczak alijishtaki mwenyewe mara kadhaa mbele ya mahakama hiyo, mojawapo ikiwa kwa kumpiga mtoto. Mwaka 1942, Wanazi walipowachukua watoto wake karibu 200 kuwapeleka Treblinka kuuawa, alikataa kuwaacha akaenda nao. Ninamtaja kwa sababu mbili. Kwanza, mahakama ile ilikuwa na uwezo wa kweli, na watoto waliuona. Pili, uwezo huo ulikuwa na mipaka iliyoandikwa kabla ya shauri kufika, kwa hiyo wengi hawakuweza kumfanyia mtoto mmoja lolote walilojisikia.

Basi ushauri wangu ni huu. Rudini nyuma hatua moja, mwandike pamoja mambo ambayo darasa halitayapigia kura hata siku moja, kisha mkilinganishe kile mlichoamua na hayo mliyoyaandika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika uamuzi unaogusa ustawi wake, kwa hiyo huna haja ya kumwomba yeyote radhi kwa kipindi chako cha Ijumaa. Lakini haki hiyo ni ya kila mtoto mmoja mmoja, na wale 34 wanayo yote kamili.

Kwa mama wa Makorora: umesema kweli tupu, na tunaowaandaa walimu tumelisahau hilo.

Mwalimu wa sanaa, Bagamoyo

Naongeza machache ya kiutendaji, kwa kuwa wenzangu wameshamaliza makubwa.

Mimi nafundisha ngonjera na maigizo, na jambo hili limekuwa likinisumbua kwa muda mrefu. Ngonjera ni mazungumzo, ndiyo, na tangu Mathias Mnyampala alipozieneza miaka ya 1960 hakuna sherehe ya shule isiyokuwa nayo. Lakini angalia mwisho wake: mjinga huuliza, mwenye hekima hujibu, na katika ubeti wa mwisho mjinga hukubali kwamba alipotea. Sijawahi kuona ngonjera ya shule ambayo mwenye hekima alishindwa kujibu. Mdahalo nao humpanga mtoto upande wa kuunga mkono au wa kupinga kabla hajawaza, na atapata alama kwa kutobadilika. Sizitupi sanaa hizi, nazila na kuzinywa, ila mtoto aliyelelewa kwa hizo mbili peke yake atadhani kuzungumza ni kukariri au kushinda. Kwa hiyo nimeanza kuwapa wanafunzi wangu ngonjera iliyokatwa kabla ya ubeti wa mwisho, waimalizie wenyewe kwa vikundi, na vikundi havijawahi kumaliza sawa.

Kuhusu wingi wa watoto: 75 hawawezi kuzungumza wote kwa dakika 40. Mimi huwaweka kumi na wawili ndani ya duara chini ya mkungu, wengine nje, na ndani kuna nafasi moja tupu. Aliye nje akiwa na neno huingia kuikalia, akisema hutoka. Anayezungumza hushika kifuu cha nazi, na asiye na kifuu hufunga mdomo, nikiwemo mimi. Siku za kwanza nilijikuta nakitamani kile kifuu kuliko watoto.

Na kura usiipige kwa mikono, dada yangu. Umesema mwenyewe uliwaona wale watatu wakimtazama kiranja. Mpe kila mtoto punje ya kunde na punje ya mahindi, apite nyuma ya ubao, atumbukize moja kwenye kopo.

Mwalimu wa Darasa la Tano, Tanga mjini

Nimerudi baada ya wiki tatu, na ninaona ni haki niwaeleze lilivyokwenda.

Ijumaa ya kwanza nilisimama mbele ya darasa nikawaambia kwamba kosa lilikuwa langu, kwa kuwa niliwapigisha kura kabla hatujaulizana kama jambo lile ni la kupigiwa kura, na kwamba sitaifuta, ila naomba tulitazame tena. Mvulana aliyetoa ile hoja aliniuliza, "Kwa hiyo na wewe huwa unakosea?" Nikamjibu ndiyo. Kipindi chote kilichobaki tuliandika mambo ambayo darasa letu haliyapigii kura. Yalifika saba kisha yakabaki matatu: kumpiga mtu, kumnyima mtu kujifunza, na kumpa mtu kazi kwa sababu ya jinsi alivyozaliwa. Hilo la tatu lilitolewa na mvulana mwenye ulemavu wa mguu, ambaye alikuwa akiwaza habari zake mwenyewe na wala hakuwa akiwaza fagio, na darasa lilikaa kimya kidogo alipolisema.

Ijumaa ya pili tulitoka nje, tukakaa kwa duara kama alivyoelekeza mwalimu wa Bagamoyo, na kifuu cha nazi kikapita. Yule msichana wa dawati la nyuma aliingia katika nafasi tupu akiwa na daftari la Hisabati, akageuza jalada la nyuma ambako alikuwa amechora vistari. Alianza kwa kusema, "Naomba ruhusa kwa wenzangu," kama tulivyokubaliana, kisha akaeleza kwamba tangu kura ile wamefagia siku tisa, na katika siku saba kati ya hizo aliingia darasani mwalimu akiwa ameshaandika mfano wa kwanza ubaoni, kwa sababu baada ya kufagia lazima waende kunawa na foleni ya bomba ni ndefu. Hakumlaumu mtu. Alisoma vistari vyake, akaweka kifuu chini, akatoka.

Kilikaa pale chini kwa muda mrefu kidogo. Kisha mvulana mmoja mkubwa wa umbo, golikipa wa timu ya shule, ambaye wenzake wanamwogopa, akakiokota na kusema kwamba kwao yeye ndiye anayefagia, anayeosha vyombo na anayempikia uji bibi yake, kwa sababu mama yake huenda sokoni alfajiri na hana dada. Alisema alinyoosha mkono siku ile kwa kuhofia kwamba asiponyoosha, wangejua.

Ijumaa ya tatu tulipiga kura kwa punje. Walikuwepo 73. Kunde 52 zilitaka zamu iende kwa madawati bila kujali nani kakaa dawati gani, mahindi 21 yaliitaka ile ya zamani ibaki. Wale 21 tuliwauliza, bila kuwajua ni nani, kama kuna jambo wanaloomba lizingatiwe, wakaandika kwenye vikaratasi. Vingi vilisema wavulana wanachekwa na watoto wa darasa la sita na la saba wakionekana na ufagio. Tumekubaliana darasa letu lifagiliwe mlango ukiwa umefungwa hadi hapo watakapozoea, jambo ambalo mimi nisingelichagua kwa sababu ya vumbi, lakini sharti la tatu ni sharti. Wavulana watatu bado wanakwepa zamu zao, nasi tunaendelea nao.

Kikao cha wazazi kilikuwa kigumu. Baba mmoja alisema hakumpeleka mwanawe shule kujifunza kazi za jikoni, mwingine akamjibu kwamba jeshini alifagia kila siku na hakupungua chochote, na robo saa yangu ikaisha kabla sijasema nusu ya niliyoyaandaa. Nitaomba nafasi tena muhula ujao.

Tumeweka boksi la viatu juu ya kabati ili watoto watumbukize mambo ya kuzungumza. Jana jioni nililifungua nikakuta vikaratasi vinne. Viwili ni vya mpira, kimoja cha foleni ya maji. Cha nne kimekunjwa mara nyingi sana, kwa mwandiko ambao nimejizuia kuutambua, na kinauliza: "Kwa nini ofisi ya walimu tunaifagia sisi wakati walimu ndio wanaoichafua?" Nimekipeleka kwa mwalimu mkuu, amekisoma, akanyamaza, kisha akaniambia nikiandike kwenye ajenda ya kikao cha walimu cha Jumatano. Nimeshakiandika.